Hesabu ya Vifundo

Nilipelekwa Tbilisi siku mbili, kuzungumzia mabomba ya maji.
Hotelini chakula cha mataifa kilipangwa foleni
kama wajumbe: tambi za Italia zilizokwisha kuchoka,
samaki wa Kijapani amelala juu ya kitonge cha wali
kama msafiri aliyesubiri mpaka akakata tamaa,
na bakuli lililoandikwa "Kari", basi,
ya wapi, ya nani, halikusema.
Nilikula vyote. Sina maringo; posho ilikuwa ya watu.

Jioni ya pili nikatoroka.
Ngazi saba kwenda chini, mlango mfupi wa kukuinamisha,
joto likanifunga miwani kwa ukungu.
Tsiala, mwenye mkahawa, unga hadi viwikoni,
hakuuliza nataka nini. Aliuliza ngapi.
Nikaonyesha vidole vitano.
Akatikisa kichwa, akaandika kumi.

Hinkali: vifuko vya unga vyenye nyama na mchuzi wake,
vimekunjwakunjwa, vikafungwa kifundo juu
kama hela ya matumizi kwenye pindo la kanga.
Nikashika uma.
Loo! Mchuzi ukanirukia kifuani,
pilipili manga na bizari zikakaa shatini
kama beji ya mkutano.
"Ara, ara," akasema Tsiala,
akauchukua uma kama anayemnyang'anya mtoto kisu.
Shika kifundo. Pindua. Ng'ata padogo.
Unywe kwanza, ndipo ule.
Kifundo hakiliwi. Kinabaki sahanini, kiwe shahidi.

Na mashahidi wanatisha.
Meza ya jirani, Otari, dereva wa teksi,
alikuwa na vifundo kumi na vinne
na mke, Lamara, anayevihesabu kwa macho.
"Daktari kasema nane," akaninong'oneza Gela,
mpwawe Tsiala, kwa Kiingereza cha michezo ya kompyuta.
Nilimwona Otari akivisukuma sita chini ya kitambaa cha karatasi.
Akanikonyeza.
Mimi mgeni. Nikatazama dari.

Siku ya tatu theluji ikafunga uwanja wa ndege.
Kwetu husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sikumwambia Tsiala. Nani alimwambia?
Nilipoingia tu, akanikabidhi kisukumio.

Nikasukuma. Maduara yangu yalikuwa na pembe,
ramani za nchi ambazo hazijapata uhuru.
Kukunja ndiko kulikonishinda:
yeye mikunjo kumi na tisa huku anasimulia,
mimi wa nne umeshapasuka.
Kisha vidole, bila ruhusa yangu, vikakumbuka
jikoni kwa shangazi Mwanakheri, alasiri ya Ramadhani,
sinia la sambusa, sauti yake kavu:
kunja, geuza, kunja, ziba,
usiache tundu, mafuta hayana adabu.
Nikaweka ubaoni pembetatu.

Tsiala akaigeuza. Akamwita Gela.
Akamwita na mwosha vyombo.
Walicheka hadi unga ukapanda hewani.
Halafu, kimya, akaitumbukiza katika maji yanayochemka
pamoja na wenzake wa kuzaliwa pale.
Haikufunguka.
Shangazi, haikufunguka.

Akapelekewa Otari.
Akaitazama juu, akaitazama chini, akatafuta pa kushika.
Akaila yote, pembe na pembe.
Lamara akahesabu sahani: saba.
Otari akahesabu pia, polepole,
nuru ikimpanda usoni,
akaninyanyulia glasi,
akataja nchi yangu vibaya, kwa heshima kubwa,
na kwa mkono wa pili, chini ya meza,
akamwonyesha Tsiala vidole vitano.

Tsiala akaandika kumi,
akanitazama.
Nikavuta unga.