Sema Kitu

Saa moja asubuhi, Kohtla-Järve bado ni usiku.
Vilima vya majivu ya mgodi vimelala chini ya theluji.
Nafungua dirisha dogo; foleni imeshasimama,
mvuke ukiwatoka puani.

Kazi yangu ni kupima, kukabidhi, kutazama koo likimeza.
Kisha nasema, "Sema kitu,"
maana mdomo unaosema haujaficha dawa shavuni.

Faina hutaja bei ya mayai.
Yule asiye na vidole viwili husema, "Kitu,"
halafu hucheka peke yake.
Rodion, mchimbaji aliyeangukiwa na mwamba mgongoni,
aliyeanza na vidonge halali, vya hospitali,
akaishia kwenye unga unaoua kwa punje,
hutaja jina la mwanawe: "Savva."
Miezi kumi na moja. Savva.

Dada yangu hunikejeli mezani:
"Mnawafungua kamba ya shingo, mnawafunga ya mguu."
Nami mwaka wa kwanza niliwaza vivyo hivyo,
nikisukuma kikombe kama anayemtupia mbwa mfupa.
Hadi nilipomkuta mtu mzima na arosto, chooni,
amejikunja kama ngumi,
jasho la baridi, meno yakigongana.
Hakuwa akitafuta raha.
Alikuwa akitafuta kusimama.

Dawa ya moto ni moto, walinena,
wasiseme ni moto upi.
Huu wangu ni wa jiko: una kipimo, una saa,
una mtu wa kuuchunga.

Jumatatu Rodion hakuja.
Jumanne. Jumatano. Alhamisi nikaanza kuogopa simu.
Ijumaa akatokea, barafu kwenye ndevu, macho sakafuni.
Nilitaka kumuuliza ulikuwa wapi.
Nikamwita daktari; dozi ikashushwa,
kwani mwili husahau upesi,
na kipimo cha wiki jana kingeweza kumzika leo.
"Tunaanza tena chini," nikamwambia.
Akameza.
"Sema kitu."
Akanyamaza mpaka walio nyuma wakakohoa.

"Nimechoka."

Nikaandika daftarini: amemeza.

Jumamosi, kabla sijawasha taa,
alikuwa wa kwanza mlangoni,
akisukuma theluji ya kizingiti kwa ubavu wa kiatu
ili Faina asiteleze.