Magunia ya Kati

Nimetumwa na kampuni kupima upepo.
Upepo wenyewe umeshakwenda zake, Ukerewe labda,
au umejilaza huko juu kwenye mawe ya Bugarika.
Nilichoachiwa ni ghala lisilo na paa, Kirumba, Mwaloni,
na dagaa tani kumi na moja, siku ya pili ya jua.

Bi Nyanjige Masalu hakunipa mkono.
Alinipa hati ya bima ndani ya mfuko wa nailoni,
mafundo mawili,
kavu kuliko chochote alichobakiwa nacho.
"Soma," akasema. "Mimi nimelipa miaka sita, sasa soma wewe."

Nikasoma. Ukurasa wa nne: dhoruba, tunalipa.
Ukurasa wa tisa, kwa herufi za sisimizi:
kufurika kwa ziwa, mto au bwawa, hatulipi,
hata kukiletwa na jambo lililotajwa ukurasa wa nne.

"Ziwa halina miguu," akasema. "Nani kaliingiza humu
kama si huo upepo mliouandika wenyewe?"

Sikujibu. Swali hilo ni mfupa;
wako mawakili Dar es Salaam wanaoutafuna mwaka wa ishirini
na bado una nyama.

Nikafanya kazi yangu.
Ukutani, mstari wa tope, sentimita sitini na mbili,
umenyooka kama uliopigwa kwa kamba ya fundi. Hilo ni ziwa.
Juu yake michirizi inayoshuka kutoka kwenye linta,
kila mmoja na njia yake. Hiyo ni mvua.
Magunia ya chini yamelowa. Ya juu yamelowa.
Ya kati, safu tatu, makavu:
ukichana moja, dagaa wanang'aa kama sindano dukani.

Lugwisha, mlinzi, akaapa
bati liliondoka kwanza, maji yakaja baadaye.
Lakini Lugwisha analipwa na mama,
na kuapa hakuna gharama.

Nikatoka. Hatua arobaini, nyuma ya choo cha soko,
magugu maji yamelala kama godoro la gesti.
Nikayafunua kwa koleo: tope.
Chini ya tope, bati, geji thelathini,
misumari bado imeng'ata vipande vya mbao.
Bati halikuapa. Lilikuwa chini,
na kilicho chini ndicho kilichotangulia.
Nikapiga picha tatu. Ya pili ilitikisika.

Usiku, Nyamanoro, taa ya gesti ikipepesa, naandika:
ya juu, yalipwe. Ya chini, hapana.
Kalamu ikafika ya kati, ikagoma.
Hayakuguswa na kitu. Kisheria hayana hasara.
Ila mnunuzi gani wa Kongo atachukua gunia
lililolala siku mbili baina ya maiti mbili?
Na ofisi itaniuliza, kwa barua, kwa heshima:
hiyo harufu ni dhoruba, au ni mafuriko?

Ripoti itapanda. Kampuni itabeba fungu lake,
lililozidi italitua kwa bima mtawanyo,
nao watalikata tena, na tena,
mpaka ukoko mwembamba ufike mezani kwa mtu
mwenye theluji nje ya dirisha,
asiyejua kama dagaa ni samaki au ni nafaka,
naye atatia sahihi: asilimia saba.
Hasara ya Nyanjige itapata wenyewe wengi.
Harufu itabaki ya mmoja.

Asubuhi nikamkuta ameyamwaga ya kati juu ya turubai,
anapepeta, anachambua, khanga kaifunga puani.
"Ukurasa wa kumi na mbili," akasema bila kugeuka,
"unasema mwenye mali apunguze hasara.
Andika kwamba umenikuta naipunguza."

Sikujua kama aliufikia ukurasa huo.
Nikatazama saa. Nikaandika: saa moja na robo.
Nikaongeza, ingawa fomu haina nafasi yake:
upepo mdogo, kutoka ziwani.