Benchi la Edna

Edna, mie sikukujua.
Nalijua jina lako tu, lilivyochongwa
kwenye kibati cha shaba, skrubu moja imekatika:
"Edna Hallam, aliyekipenda kilima hiki."

Kilima hiki! Nani akipende?
Aliyeujenga mji huu wa Sheffield
alikuwa na chuki na magoti.
Ukienda kununua maziwa unapanda,
ukirudi na maziwa unapanda tena,
sijui mteremko wanauficha wapi.

Mwezi wa Machi, yule kijana wa viungo hospitalini,
Callum, mwenye mikono baridi kama samaki wa barafu,
aliniinua mguu, akaushusha, akaandika.
"Dawa yako, Bi Zuwena, ni kutembea kila siku."
Nikamwambia, mwanangu, nimesukuma matoroli ya shuka
chini ya jengo hilihili miaka ishirini na sita;
kama kutembea ni dawa, mbona niko kwako?
Akacheka. Hakunijibu.
Hakunipa hata kidonge.

Siku ya kwanza nilifika kwenye sanduku la posta.
Siku ya pili, sanduku la posta, nikaliegemea
kama mtu anayesubiri barua.
Wiki ya tatu nikakufikia wewe.

Nilikaa bila kupiga hodi, unisamehe.
Moyo ulikuwa unatwanga kisamvu,
na goti la kushoto, hilo lina ulimi,
likinisimulia kila ngazi niliyowahi kupanda.
Kule bondeni tramu ilikuwa inajipinda
kama mjusi anayetafuta jua,
na jua lenyewe, unalijua la kwenu,
linachungulia kama mwenye deni.

Tangu hapo nakuamkia.
Wenye mbwa wanadhani nazungumza na simu.
Nakwambia bei ya mafuta, nakwambia mvua
inavyoingia kwenye fremu ya dirisha la nyuma.
Nilikwambia binti yangu Salha kanipa saa ya kuhesabu hatua,
nayo inahesabu hata nikisukuma chapati:
Ijumaa moja ikanipongeza kwa hatua elfu mbili
nami sijavuka kizingiti.
Saa haijui kusema uongo,
lakini kudanganywa inajua.

Mbarouk hataki kutoka.
Mume wangu huyo, Edna, aliyekuwa akiruka
ukuta wa skuli kwa mkono mmoja!
Sasa yanayoruka ni macho, chaneli hii hadi ile.
"Mguu wa kutoka Mungu kaubariki," namwambia.
"Na wa kukaa," anauliza, "nani kaulaani?"

Kisha ikaja barafu, ile nyeusi isiyoonekana,
siku tisa. Nikatembea ndani,
jikoni hadi mlangoni, mlangoni hadi jikoni,
mkono juu ya bomba la joto,
nikikatiza mbele ya mpira wake,
naye akiinua miguu kama anayefagiliwa.
Siku ya nne, bila kugeuza shingo,
akasema: "Thelathini na moja."
Nikadhani anasoma matokeo.
Niliporudi: "Thelathini na mbili."

Leo imeyeyuka. Michirizi inaongea
kuteremka mtaa mzima (kumbe mteremko upo,
wanapewa maji peke yao).
Nimekufikia, Edna, na pumzi bado ninayo.
Sikai. Nimekugusa tu begani,
pale penye skrubu iliyokatika,

na nyuma yangu nasikia viatu:
vya harusi ya Salha, vyeusi, ngozi kavu,
ndivyo pekee alivyonavyo vyenye kamba.
Vinakuja, vinasimama.
Vinasimama sana.
Vinakuja.

Huyo kafika. Anakupangusa maji kwa kofia yake.
Mpokee, akae.
Usimwambie niliyokusimulia.
Mie nafika pale kwenye nguzo ya taa,
narudi.