Mzunguko wa Nne

Jumamosi tulishuka Kariandusi, gari likiwa mgongoni mwa kenta,
Datsun iliyoingia nchini kabla mimi sijazaliwa.
Injini yake ilisambaza mikate Nakuru miaka kumi na minane,
na hadi leo ikipata moto hunukia hamira.
Jebichii akapiga boneti kofi: basi kesho tutawaoka.

Uwanja wenyewe si uwanja.
Ni yai lililochorwa na greda juu ya udongo mweupe
usioota kitu ila leleshwa na miiba,
na matairi yaliyozikwa nusu ukingoni
kama meno ya mtoto yanayochungulia kwenye ufizi.
Mvua iliahidi Aprili, ikatuma wingu moja,
nalo likapita likielekea Subukia kwa wenye bahati.
Gari la kwanza likizunguka, la pili hulioni.
La tatu unalijua kwa mngurumo.
La nne unaliombea.

Mwalimu Kebaso ndiye aliyehesabu mizunguko,
kila gari na kikombe chake, kila mzunguko punje ya mahindi ya kukaanga.
Alasiri njaa ikamshika, akala mbili za kikombe chetu,
tukateta naye mpaka akafungua kinywa tuhakikishe.

Usiku baridi ya bonde ikatuingia mifupani.
Heroe walikuwa wakigumzana kule Elementaita,
watu wameota moto, Jebichii amelala na viatu,
nami nimeinama kwenye injini, tochi kinywani,
mate yakinidondoka juu ya betri.
Mpira wa rejeta una kilipu ndogo, ya kukazwa kwa bisibisi.
Inataka mizunguko minne.
Nilikuwa nimeipa mitatu
Manjit wa Gilgil alipokuja, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko.
"Kwamboka, ekseli imepasuka. Mashine ya kuchomelea ninayo,
mwanga sina."

Sasa mngenijibia nini?
Hasimu, ndiyo. Lakini ekseli ni ekseli,
na mtu hapewi ajali kwa sababu ya kikombe cha bati.
Nikampa tochi.
Nikapapasa gizani, bisibisi ikateleza, ikanichoma kidole gumba,
nikasema: asubuhi.

Asubuhi ilikuja na wakaguzi, na chai isiyo na sukari,
na kengele, na mtu anayepayuka kwenye kipaza sauti,
na mama mmoja akitafuta mbuzi wake katikati ya njia.
Asubuhi ilikuja na kila kitu isipokuwa ile asubuhi yangu.

Mizunguko ishirini.
Wa tano tuko wa nne, wa kumi na moja tuko wa pili,
wa kumi na sita Jebichii akampita Manjit kwa ndani,
karibu kabisa, rangi ikabadilishana na rangi,
na Nakuru nzima iliyokuja kwa pikipiki ikaruka juu.
Wa kumi na tisa
kitu cheupe kikatoka kwenye boneti.
Watu wakasema vumbi.
Vumbi hutanda. Kile kilikuwa kikipanda.

Manjit akapita, ekseli yake nzima kama siku ya kwanza.

Jebichii alitokea dirishani, maana milango tuliichomelea zamani,
kope zake nyeupe, midomo myeupe,
ametangulia uzee kwa miaka arobaini.
Akaniegemea.
"Vumbi limetuua, Kwamboka."
Nikasema ndiyo.
Neno dogo lile. Nililibeba kwenye kenta hadi Shabab,
na Jumatatu lilikuwa bado halijashuka.

Leo Alhamisi. Kwenye masikio bado natoa weupe kwa kijiti cha kiberiti.
Kilipu nimeifunga tena, mchana, mwanga tele,
mizunguko minne, nikaihesabu kwa sauti.
Ndipo Manjit akaingia gereji akicheka,
tochi yangu mkononi, ameitia betri mpya.
"Hii ndiyo iliyonishindia," akasema.

Jebichii alikuwa chini ya Datsun.
Nikaona miguu yake imetulia.
Kisha akajivuta nje, taratibu, kwa mgongo,
akaitazama tochi,
akanitazama mimi:
"Ilikuwa kwake saa ngapi?"