Futi ya Chuma

Basi limenishusha mahali lami inapokata tamaa.
Mbele bahari, nyuma jangwa,
katikati nyumba thelathini na moja
na kanisa lisilo na kengele:
iliuzwa mwaka wa ukame, wakanunua pampu ya kisima.
Kisima kikatoa chumvi.

Mkobani nina futi ya chuma, vigingi vyekundu,
na barua ya kampuni, kutoka Hermosillo,
yenye mhuri na picha ya hoteli isiyokuwapo.
Doña Brígida amenipa chumba chenye dirisha lisilofunga.
“Umekuja kuvua?”
Nikasema ndiyo.
Hakutazama mikono yangu. Alitazama viatu.

Maji hapa hupwa hadi yakamshinda mtu macho.
Ukilala, bahari i mlangoni; ukiamka, imehama,
imeziacha mashua zimelalia ubavu
na watoto wanafukua kombe kwa vijiko vya supu.
Mwari wamejipanga ukutani, midomo vifuani,
mahakimu waliokula rushwa
wakasahau ilikuwa ya kesi gani.

Juu ya nguzo ya umeme furukombe amejenga
kwa vijiti, nyavu, na soksi moja ya kijani.
Upepo ukivuma taa huzimika mji mzima.
“Kwa nini hamkiondoi?”
Nabor, fundi wa umeme, akanishangaa:
“Ana makinda.”
Kama mtu asemaye, ana hati.

Jumanne, lori la maji.
Nilimbebea Doña Brígida ndoo kumi na mbili, pipa likajaa.
Kikombe cha kwanza alinipa mimi, na ndimu ndani.
“Kunywa, mvuvi.”
Yalishuka kooni kama deni.

Usiku ule, kwa mbalamwezi, nikaupima ufuo.
Vigingi kumi na vinne, toka mwamba hadi makaburini.
Asubuhi vyote kumi na vinne vilikuwa kizingitini kwangu,
vimeoshwa,
vimefungwa kwa uzi wa mshipi.

Nilingoja matusi. Akaja na unga mikononi.
“Hiyo futi yako ndefu kiasi gani?”
“Mita hamsini.”
“Itatosha. Shika huku.”
Tukapima toka jiko hadi ukuta,
ukuta hadi dirisha, tena mlango, maana mlango ni mwembamba:
dada yake, Otilia, anarudi kutoka Mexicali
na mguu mmoja usiopinda,
na kitanda lazima kiingie.
Andika, akasema. Sikuwa na karatasi nyingine.
Nikaandika nyuma ya barua, chini ya kivuli cha hoteli
kilichopenya upande wa pili:
mita moja na sentimita tisini.
Akaikunja mara nne, akaitia kwenye kopo la kahawa.

Basi huondoka alfajiri, saa kumi na moja.
Maji yamejaa, yanalamba ngazi.
Ofisini wataniuliza ufuo una mita ngapi,
nami nitasema upepo, nitasema futi ilikatika.
Watamtuma mwingine. Najua.
Vigingi nimemwachia Nabor, aanikie nyavu.
Viatu vyangu vina mchanga
na sijavikung’uta.