Vidole Nane

Wamemlaza baba chini ya dirisha la kaskazini,
baba wa jiwe juu ya baba wa mifupa.
Mchongaji alitoka Limoges na nyundo zake saba,
akala samaki wetu Kwaresima nzima,
na leo amevuta shuka akasema: Tazameni.

Tukatazama.
Guiraud, bwana wa Valserre,
upanga ubavuni, mbwa miguuni,
ndevu zimechanwa, uso wa kijana wa miaka thelathini,
ingawa tulimzika na sitini na nne na jino moja.
Nikahesabu mikono iliyokutana kifuani.
Vidole kumi.

Mimi Ermessinde, binti yake wa tano,
niliyeletwa kwa watawa hawa nikiwa na miaka saba
pamoja na kinu cha maji na nusu shamba la mizabibu
(mahari yangu kwa Mungu,
maana mahari za dada zangu zilishakausha hazina),
mimi najua viwili vilibaki ukutani Roquebrel,
mkono wa kushoto, cha mwisho na jirani yake,
siku ngazi ilipoteleza na shoka la mtu lisiteleze.
Mpishi wa jeshi alichovya jeraha katika lami ya moto.
Baba alirudi akicheka mezani:
"Mungu kachukua zaka mara mbili."

Kaka zangu ndio waliolipia jiwe.
Odon alitaka taji kichwani;
Thierri akasema taji ni la wafalme;
wakanuniana tangu Krismasi hadi Pasaka.
Walipogawana jimbo waligawana na mbwa wa kuwindia,
wakamgawana na mama,
miezi sita huku, miezi sita kule,
sanduku lake la shuka mgongoni mwa nyumbu.
Kwenye vidole tu waliafikiana.
Nani ataogopa wana wa kilema?

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Kweli. Vitatu vinatosha.
Usiku wa mwisho kabla sijaletwa huku
alinipakata kando ya moto
akanipekua kichwa kwa mkono uleule,
polepole, kama mtu asomaye,
yeye ambaye hakujua hata herufi ya jina lake,
akiwavunja mmoja mmoja kwa ukucha wa gumba,
akiwahesabu kwa sauti kama mateka wa vita.
Kumi na saba.
Hakuniambia ninakwenda wapi.
Alfajiri farasi alikuwa ameshatandikwa.

Sijamsamehe.
Lakini kitabu cha marehemu kiko mikononi mwangu,
Odon hasomi, Thierri husoma jina lake tu,
nami nimefungua ukurasa wa Novemba:

*Amefariki Guiraud, bwana wa Valserre,
mume wa Aélis, baba wa tisa,
wawili wakazikwa kabla ya kuota meno.
Vidole nane.*

Wino ulianza kuganda kwa baridi.
Nikaupulizia pumzi, nikakoleza ile *nane*.