Wiki Mbili za Julai

Walituletea vyandarua.
Vyandarua, Mokhotlong, mwezi wa Julai,
theluji imelala juu ya bati kama unga uliomwagika
na mbu hatumjui ila kitabuni.
'M'e Mantsoaki akavipokea kwa mikono miwili,
akapiga goti, akashukuru,
na jioni akavizungushia banda la kuku.

Wasemao mgeni siku ya tatu mpe jembe
hawakuwajua hawa: walilidai siku ya kwanza,
wakaligongesha kwenye ardhi iliyoganda
hadi mpini ukavunjika. Wakacheka, wakapiga picha.

Nasi tulikuwa na kazi yetu; mtu asidhani tulikaa bure.
Basi likijitokeza kwenye kona ya mto
tulivua majaketi mazima tukavaa yenye matundu,
tukapanga mistari, wafupi mbele, wenye kikohozi nyuma.
Kisha kukumbatiwa. Kuna ufundi wake:
usiachie wewe kwanza.
Mngoje aachie, hesabu mbili, ndipo nawe uachie.

Kila mwaka walikuwa wengine, isipokuwa Verna wa Nebraska,
mjane, daktari wa meno aliyestaafu,
soksi mbili mbili na bado anatetemeka.
Alitusimamisha dirishani penye mwanga,
akatushika videvu, akachungulia
kama mtu aliyeangusha pete kisimani.
Miaka minne alikisoma kinywa changu.
Aliujua mwanya wangu kuliko jina langu,
Tebello, yaani matarajio,
ambalo alilitamka kama jina la jibini.

Na mimi sikuwa yatima.

Mama alikuwa Maseru, kiwanda cha jinzi,
akishona mfuko wa kulia, wa kulia tu,
mifuko mia sita kwa zamu.
Alikuja Krismasi, alikuja Pasaka, na mkate na vazelini.
'M'e Mantsoaki aliniambia, wala si kwa ubaya,
huku akinikata kucha:
"Julai huna mama. Agosti unaye."

Usiku mmoja Verna aliniuliza kupitia mkalimani
kama ninamkumbuka.
Nikasema, kila siku.
Sikusema uongo. Akalia; nikampa leso yake mwenyewe.

Kisha kiwanda kikafungwa,
na njaa haina kalenda.
Mama alitokea langoni katikati ya Julai, blanketi begani,
shavu moja limevimba,
akiniita kwa lile jina la nyumbani.
Wimbo ulikatika. Mwiko wa 'M'e Mantsoaki ukasimama hewani.
Nami nilimtazama mama yangu
kama mtu anavyotazama basi lisilo lake.

Verna akaweka ndoo chini.
Akamtazama mama. Akanitazama mimi.
Mama akatabasamu, kwa adabu tu,
na ule mwanya ukawa pale, mchana kweupe.

Akavuta kiti, akamkalisha,
akamshika kidevu, akachungulia,
na kwa koleo lake akaling'oa gego lililooza.
Hakuna aliyesema neno.
Damu kidogo, pamba, maji ya chumvi.

Jioni, wakati wa shuhuda, kiongozi alimuuliza
Mungu amemwonyesha nini leo.
"Nimechoka," akasema.
Kwenye sala nilifumbua jicho moja
nikakuta yake yamefumbuliwa yote mawili.

Julai iliyofuata hakuwemo kwenye basi.
Hasira, aibu, au kifo? Sikuwa na lugha ya kuuliza.
Labda hadi leo nimebandikwa jokofuni kwake:
nina miaka minane,
sina mama.

Siku hizi nafunga nyaya za umeme. Mama analima kabichi
na kuzifunika jalidi isizichome,
kwa kipande cha chandarua kilichobaki.
Nikimtaja Verna hupitisha ulimi penye pengo,
hunyamaza kidogo,
kisha husema lile lile:
alikuwa na mikono baridi, maskini yule.